Miwa, Moshi na Karafuu: Historia ya Ramu ya Nyumbani Katika Pwani Yetu

Aprili 1498, merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga mbele ya Mombasa, mfalme wa mji aliwapelekea wageni kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Habari hiyo imo katika shajara ya safari ile. Leo mtu akitaka kutengeneza ramu yenye ladha jikoni kwake Kinyerezi, atahitaji karibu vitu vilevile: kileo kilichotokana na miwa, maganda ya machungwa au malimau, na viungo kidogo. Wakati ule ramu yenyewe ilikuwa bado haijazaliwa popote duniani, lakini mali ghafi zake zilikwisha kuwa zawadi ya kawaida ya mji wa Waswahili.

Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kinywaji hiki ni ugeni ulioletwa na baa za mjini. Historia yake imepita Kilwa, Pangani, Amani na Chang'ombe kabla ya kufika kwenye vitongoji vya pembezoni mwa Dar es Salaam. Imepita pia katika utumwa, ubaguzi na sheria, na humo ndimo tunamoweza kuelewa kwa nini kazi ya mikono iliyo ya kale hivi ilikuja kufanywa usiku, nyuma ya nyumba, kwa hofu ya askari.

Tembo, dengelua na zarambo

Muwa asili yake ni New Guinea. Ulisafiri hadi Bara Hindi, ukaingia Uarabuni, kisha ukashuka na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi hadi pwani yetu. Huku watu waliutafuna, wakaukamua maji yake, na waliojua wakayaacha maji hayo yachache. Upareni na kwenye miteremko ya Kilimanjaro kuna dengelua, pombe ya maji ya miwa. Kwa Wakikuyu kuna muratina, inayochachushwa kwa tunda la mwegea lililokaushwa, ikipikwa kwa asali au kwa maji ya miwa. Pombe hizi zilikuwa za mahari, za matambiko na za kupatanisha waliogombana. Zilinyweka siku ile zilipoiva, na zikipita siku mbili tatu zikawa siki.

Pwani, kinywaji kikuu kilikuwa tembo la mnazi. Mgema hupanda asubuhi na jioni, hukata ncha ya karara, hutundika kibuyu na kusubiri. Tembo la asubuhi ni tamu. La jioni limekwisha kuwa kali, kwa sababu chachu ya hewani imeila sukari yake na kuigeuza kileo. Jua letu linaiharakisha kazi hiyo kuliko mahali pengi duniani.

Lakini chachu ina mpaka. Kileo kikifika asilimia 10 au 15, chachu yenyewe huzimia. Anayetaka kuvuka hapo lazima akeneke, yaani achemshe pombe na kuudaka mvuke. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, maji kwenye nyuzi 100, kwa hiyo mvuke wa kwanza hubeba kileo zaidi kuliko maji. Ujuzi huu haukuwa siri katika ulimwengu wa Bahari ya Hindi. Huko Oman, kwenye Jabal Akhdar, waridi hukenekwa hadi leo kupata marashi yanayonyunyizwa katika arusi na misiba yetu. Na kamusi za zamani za Kiswahili zimehifadhi jina la kileo cha kukeneka tembo la mnazi: zarambo. Wengi wa watu wa pwani walikuwa Waislamu, na dini yao iliwakataza kileo. Hata hivyo, kuwapo kwa zarambo kunaonyesha kwamba walikuwamo waliojua kukikeneka na waliokinywa, muda mrefu kabla ya Mzungu kuweka bendera.

Mkataba wa Kilwa

Ramu ilizaliwa katikati ya karne ya 17 katika visiwa vya Karibi, Barbados ikitajwa mbele ya vingine. Wenye mashamba walikuwa na tatizo la molasesi, ile asali nyeusi nzito inayobaki sukari inapoganda. Katika kila tani 100 za miwa hubaki tani tatu au nne hivi za molasesi, na kiwanda kisicho na pa kuzipeleka huzama ndani yake. Watumwa waliokuwa wakifanya kazi humo waliona kwamba uchafu huo ukichanganywa na maji huchacha. Ukikenekwa, hutoa kileo kikali. Kilichokuwa taka kikawa biashara, na biashara hiyo ikanunua watumwa wengine Afrika Magharibi.

Sisi wa mashariki tumezoea kuisoma hadithi hiyo kana kwamba inawahusu watu wa Ghana na Jamaika tu. Haiko hivyo. Tarehe 14 Septemba 1776, Mfaransa Jean-Vincent Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya piasta 20 kwa kichwa. Soko lake lilikuwa visiwa vya Mascarene: Île de France, ambayo leo ni Mauritius, na Bourbon, ambayo leo ni Réunion. Karne ya 19 ilipofika, visiwa hivyo vilijifunika miwa. Watu waliotolewa Kilwa na katika pwani ya Msumbiji, wengi wao wakiwa wamekokotwa kutoka bara, hata kutoka eneo la Ziwa Nyasa, ndio walioilima, wakaikata, wakaisaga na kuukoka moto chini ya mitambo ya kukeneka. Utumwa ulikomeshwa Mauritius mwaka 1835, na Réunion tarehe 20 Desemba 1848.

Kwa hiyo mikono ya watu wetu imo ndani ya ramu ya Bahari ya Hindi tangu mwanzo wake. Na visiwani huko ndiko ilikostawi desturi ambayo leo inatafutwa na watalii: kutia matunda na viungo ndani ya chupa ya ramu na kuiacha miezi. Watu wa Réunion na Madagaska huiita rhum arrangé. Humo hutiwa vanila, maganda ya machungwa, lichi, mdalasini, tangawizi, ndizi. Ramu mpya ilikuwa kali na inayochoma koo, na viungo viliitengeneza iweze kunyweka. Kazi hiyo ilifanyika majumbani, na kila familia ilikuwa na mchanganyiko wake.

Kutoka visiwa hivyohivyo likaja deni jingine. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mwarabu wa Oman aliyeitwa Saleh bin Haramil alileta miche ya mikarafuu Unguja, nayo ilitoka Bourbon. Ndani ya miongo michache Unguja na Pemba zikawa nchi ya karafuu. Pwani yetu ilipeleka watu Mascarene, Mascarene ikaleta kiungo kilichohitaji watumwa wengine wakichume. Anayedondosha karafuu tatu ndani ya chupa ya ramu, ajue kwamba vitu hivyo viwili vilikwisha kukutana zamani, na kilichovikutanisha ni jasho la watu waliouzwa.

Miwa ya Pangani

Biashara ya sukari haikubaki ng'ambo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, kingo za mto Pangani zilijaa mashamba ya miwa ya Waarabu na matajiri wa pwani, yakilimwa na watumwa. Sukari na asali ya miwa vilipakiwa majahazini kwenda Unguja na Uarabuni. Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, Mwingereza aliyeitwa Fraser naye alifungua shamba la miwa na kiwanda katika miaka ya 1860, akitumia wafanyakazi waliokuwa watumwa wa mabwana wengine.

Mmoja wa wenye mashamba ya miwa Pangani alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi. Agosti 1888, Kampuni ya Wajerumani ilipoingia Pangani na kuipandisha bendera yake kwa ubabe, mji ulisimama. Abushiri akawa kiongozi wa vita vilivyoenea pwani nzima, hadi alipokamatwa na kunyongwa Pangani Desemba 1889. Vitabu vya shule vinamkumbuka kama shujaa wa kupinga ukoloni. Ni haki, lakini tukumbuke pia kwamba utajiri uliokuwa ukigombewa mtoni pale ulikuwa wa miwa, na waliokuwa wakiilima hawakuwa huru chini ya bwana yeyote.

Hapo pwani palikuwa na miwa, sukari, molasesi, ujuzi wa kukeneka na viungo vya kila namna. Kilichofuata hakikuamuliwa na wapishi. Kiliamuliwa na serikali.

Sheria iliyoangalia rangi

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Pamoja na kupinga biashara ya watumwa na silaha, ulizuia vileo vikali kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Septemba 1919, mkataba wa Saint-Germain-en-Laye uliongeza uzito: ulipiga marufuku utengenezaji wa vileo vya kukenekwa katika maeneo hayo. Tanganyika ilipokabidhiwa rasmi kwa Waingereza kama nchi ya udhamini mwaka 1922, hati ya udhamini iliwataka wadhibiti vikali uuzaji wa vileo hivyo.

Sababu zilizotajwa zilikuwa za huruma: kuwalinda Waafrika na madhara. Lakini makatazo hayo hayakumgusa Mzungu. Ushahidi mzuri umo Amani, milimani Usambara, mahali ambapo Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Vita vya Kwanza vilipofunga bahari, Amani iligeuka karakana ya koloni zima. Ilitengeneza kwinini, sabuni, mafuta na mishumaa, na pia zaidi ya chupa 15,000 za wiski na vileo vingine vikali. Mali ghafi zilikuwa za hapahapa. Alipohitaji Mzungu, kukeneka kulikuwa sayansi. Alipokeneka Mwafrika, kulikuwa kosa la jinai.

Waingereza waliendeleza mgawanyo huo. Pombe ya kienyeji iliruhusiwa chini ya masharti, bia na vileo vikali vikawa vya Wazungu, na rangi ya mtu ikaamua glasi yake. Dar es Salaam, manispaa iliweka vilabu vya pombe katika eneo la Waafrika na ikakusanya mapato kutoka humo. Vizuizi vya bia vilianza kulegea baada ya Vita vya Pili, na vya vileo vikali vikafuata katika miaka ya 1950.

Walioibeba kazi ya kupika pombe walikuwa wanawake. Mjini hawakuwa na shamba, na ajira za ofisini na bandarini zilikuwa za wanaume. Walichokuwa nacho ni ujuzi waliotoka nao kwao: kuchachusha, kupika, kuonja, kujua siku ya kuiva. Mwanahistoria Susan Geiger, katika kitabu chake cha 1997 kuhusu wanawake wa TANU, chama kilichodai uhuru, ameonyesha kwamba wanawake wa Dar es Salaam waliomfuata Bibi Titi Mohamed tangu 1955 walikuwa watu wa riziki ndogondogo: wauza maandazi na vitumbua, wana vikundi vya ngoma, na baadhi yao wapika pombe. Senti za kadi ya chama hazikuanguka kutoka mbinguni. Nchi hii imejengwa pia kwa jasho la mama aliyekesha akichochea pipa.

Moshi na Konyagi

Uhuru ulipokuja, ilitarajiwa mlango ungefunguka. Ulifunguka kidogo sana. Mwaka 1966 Bunge lilipitisha Sheria ya Utengenezaji na Ukenekaji wa Moshi. Moshi ndilo jina la kisheria la kile ambacho mitaani tunakiita gongo au piwa. Sheria hiyo inataka leseni kwa anayetengeneza, na hadi leo ndiyo inayosomwa mahakamani mtu anapokutwa na galoni la gongo au na mtambo wa kulitengenezea. Mwaka 1968 ikafuata Sheria ya Vileo, iliyopanga leseni za vilabu na baa. Kwa maneno mengine, dola huru haikulikana gongo kabisa. Iliandika kwamba linaweza kutengenezwa kwa leseni. Lakini mama wa uswahilini aliendelea kupika bila karatasi yoyote, na faini ikawa sehemu ya gharama za kazi yake.

Wakati huohuo serikali iliingia yenyewe katika biashara. Kampuni ya Tanzania Distilleries, yenye kiwanda Chang'ombe, Temeke, ilianza kutoa Konyagi mwaka 1970. Watu wengi huiita jini. Kwa kweli asili yake ni molasesi, na kileo cha molasesi kilichokenekwa hadi kikawa cheupe kiko karibu zaidi na ramu nyepesi kuliko jini ya nafaka. Juu yake huongezwa ladha, na hushushwa hadi asilimia 35 ya kileo. Kwa hiyo Dar es Salaam imekuwa ikinywa ramu yenye ladha kwa zaidi ya nusu karne bila kuiita hivyo, ikiichanganya na tangawizi ya chupa au toniki, na ikigonganisha glasi kwenye arusi. Kenya nao wana Kenya Cane, kileo cha miwa ambacho siku hizi huuzwa pia kikiwa na ladha ya nazi na ya nanasi.

Nyuma ya Konyagi kuna miwa mingi. TPC ya Arusha Chini, karibu na mji wa Moshi, ilianzishwa mwaka 1930 na A.P. Møller wa Denmark. Kilombero ilianza kusaga miwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mtibwa na Kagera zikafuata. Molasesi iliyokuwa ikimwagwa barabarani kutuliza vumbi au kulishwa ng'ombe imekuwa mali: Kilombero wana mtambo wao wa kukeneka spiriti, na Mwanga, mkoani Kilimanjaro, kuna kiwanda kinachoigeuza molasesi kuwa ethanoli.

Gongo nalo lilikuwa na historia yake sambamba. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilifilisika fedha za kigeni. Sukari ikawa ya foleni na ya mgawo, bia ikaadimika, na mwaka 1983 kampeni ya Nguvu Kazi ikawasaka mjini watu wasio na kazi ya kuonyesha. Katika hali hiyo gongo lilikuwa kileo cha wengi na riziki ya wengi. Lilikenekwa kwa chochote kilichochacha: ndizi zilizoiva kupita kiasi, mihogo, pumba za mahindi, sukari guru. Mtwara, Lindi na Pwani, msimu wa korosho ulipofika, mabibo yalikamuliwa yakawa uraka, na uraka ukakenekwa. Mtambo wenyewe ulikuwa pipa, moto wa kuni, mrija wa shaba na beseni la maji baridi. Wapikaji wazoefu walijua kumwaga matone ya mwanzo na kuyakataa ya mwisho, wakapima ukali kwa kuwasha tone kwa kiberiti. Huo ni ujuzi uliofundishwa na bibi kwa mjukuu, na usioandikwa popote.

Sumu ilivyoingia

Kazi ikifanyiwa gizani, mteja hana wa kumlalamikia. Hilo ndilo lililoua watu. Novemba 2000, katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, zaidi ya watu 130 walikufa na wengine kupofuka baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Methanoli ni kileo cha viwandani, hufanana na ethanoli kwa rangi na karibu kwa harufu, na mfanyabiashara mwenye tamaa huitia ili pombe yake iwe kali kwa bei ndogo. Ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo huua mshipa wa macho kabla haijamuua mtu. Mpikaji wa nyumbani hatoi methanoli nyingi kiasi hicho kutokana na ndizi au sukari. Balaa kubwa huja pale mtu anapoichota kwenye pipa la kiwanda.

Kenya ilijifunza kwa uchungu. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, inayojulikana kwa jina la aliyekuwa mbunge, John Mututho, iliondoa marufuku ya chang'aa, gongo la Kenya, na kuruhusu itengenezwe kwa leseni na kwa viwango. Haikumaliza vifo, maana sheria peke yake haiondoi umaskini wala rushwa, lakini ilikubali ukweli kwamba kinachokatazwa bila kufutika hukua bila kukaguliwa.

Kwetu, pigo kubwa la karibuni lilikuwa viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali vilivyouzwa kwa bei ya pipi na kuingia hata mifukoni mwa wanafunzi. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kuvipiga marufuku, na marufuku ikaanza tarehe 1 Machi mwaka huo. Uamuzi ule ulikuwa sahihi. Tatizo la kiroba lilikuwa kipimo kidogo, bei ndogo na kutokuwapo kwa mtu wa kumuuliza mnunuzi umri wake. Kinywaji kikali kikiondolewa meza, wenyeji na muda, kinabaki dawa ya kulewea tu.

Kinyerezi sasa

Kinyerezi, kama pembezoni nyingi za Dar es Salaam, ilikuwa nchi ya mikorosho, minazi na miembe kabla ya kuwa ya matofali. Leo inajulikana zaidi kwa mitambo yake ya umeme wa gesi, wa kwanza ulioanza na megawati 150 na wa pili wa megawati 240, na kwa nyumba zinazoendelea kujengwa kuelekea Kifuru na Bonyokwa. Lakini nyua bado zina miembe na minazi, na soko la ndizi la Mabibo, maarufu kama Mahakama ya Ndizi, haliko mbali. Mananasi ya Kiwangwa, machungwa ya Muheza, vanila ya Kagera, mdalasini, iliki na karafuu za visiwani, vyote hufika mjini hapa. Mtu wa Réunion angetuonea wivu.

Anayetaka kuiendeleza desturi hii nyumbani hana haja ya mtambo. Kukeneka bila leseni ni kosa, na ni hatari ya moto na ya sumu. Sehemu ya kazi iliyo halali na salama ni ile ya kuloweka. Huanza na chupa iliyofungwa, yenye nembo ya TBS na stempu ya ushuru: ramu nyeupe, au Konyagi yenyewe. Gongo la kununua kichochoroni lisiingie humo, wala spiriti ya hospitali au ya jiko.

Kwa mililita 750, kijiti kimoja cha mdalasini, punje mbili za iliki zilizopondwa, podi moja ya vanila iliyopasuliwa na maganda ya chungwa moja vinatosha. Maganda yamenywe kwa kisu kikali ili ngozi nyeupe ya ndani ibaki kwenye tunda, kwa sababu hiyo ndiyo yenye uchungu. Karafuu ziwe tatu, na zitolewe baada ya siku tatu, la sivyo zitatawala kila kitu. Chupa iwe ya kioo, iwekwe kabatini mbali na jua, itikiswe mara mojamoja na kuonjwa kila wiki. Baada ya wiki mbili hadi nne huchujwa kwa kitambaa safi.

Matunda mabichi yanataka uangalifu zaidi. Nanasi la gramu 400 lina maji mengi, na yakiingia ndani ya Konyagi ya asilimia 35, nguvu ya kinywaji hushuka hadi karibu asilimia 24. Kwa joto letu, ni vizuri chupa hiyo ikae kwenye friji, na kila kipande kizame, kwa sababu kinachoelea juu huota ukungu. Asali au sukari guru ya kukolezea hutiwa mwishoni. Na kwa kuwa utamu huficha ukali, mwenyeji apime kwa kikombe kidogo na asimpe anayeendesha gari. Nyumba isiyotumia kileo kwa ajili ya dini yake ina haki ya kuheshimiwa kabisa, na mgeni wake apewe sharubati ya ukwaju kwa mapenzi yaleyale.

Anayetaka kuuza huingia katika mambo mengine: leseni, ushuru wa TRA, viwango vya TBS. Na hapo ndipo historia hii inapotudai jambo. Leseni iliyotajwa na sheria ya 1966 imebaki mbali na mtu ambaye angeihitaji kuliko wote. Kampuni kubwa inaweza kuajiri mwanasheria na mkemia. Mama anayejua kuchachusha mabibo tangu utotoni hawezi. Tunaweza kumsogezea mlango huo: ada ndogo kwa wazalishaji wadogo, vyama vya ushirika vyenye mtambo mmoja unaokaguliwa, maabara ya wilaya inayopima methanoli kwa bei nafuu, na mafunzo kupitia SIDO na VETA, kama wanavyofundishwa wasindikaji wa matunda na wauza sabuni. Polisi wangebaki na kazi ya kuwasaka watia sumu, ambayo ndiyo kazi inayookoa maisha.

Kwa karne nyingi wengine ndio walioamua nani akeneke, nani anywe na nani akamatwe: mwenye shamba la miwa, mkataba wa Ulaya, gavana, kisha ofisa leseni. Ladha peke yake haikuwahi kutoka mikononi mwa watu wa kawaida. Waliijua mgema, mpika dengelua na mchuma karafuu, na wanaijua wajukuu wao waliojenga Kinyerezi. Nchi inayouza karafuu, vanila na molasesi ghafi kwa wengine, kisha ikanunua chupa zenye ladha hizohizo kutoka nje kwa bei ya juu, ina kila sababu ya kuutoa ujuzi huu gizani, kuupima, kuuwekea sheria za haki, na kumwachia mwenye nao ale jasho lake.